Dakika ya 60, umeshafungwa moja, geuka uangalie benchi: unamwingiza nani?

#1 KibaoChaNne (Jumapili asubuhi, 23 Februari 2025)

Wakuu, salamu. Sijalala vizuri, nitakuwa mfupi.

Jana Emirates, uwanjani kwetu: Arsenal 0, West Ham 1. Krosi ya Wan-Bissaka, kichwa cha Bowen, dakika ya 44. Bao lenyewe sina shida nalo, mabao hufungwa. Shida yangu ni kipindi cha pili. Jifanye wewe ndiye Arteta, kocha wetu. Dakika ya 60, umeshafungwa moja, watu 60,000 wananung'unika nyuma ya shingo yako. Saka yuko nje tangu Desemba. Jesus goti, msimu umeisha. Martinelli paja. Havertz paja, kapasuliwa, naye msimu umeisha. Mbele umeanza na Nwaneri ambaye hajatimiza hata miaka 18, Trossard, na katikati umemsimamisha Merino, kiungo. Kwenye benchi, mshambuliaji mzoefu ni Sterling peke yake.

Swali la kwanza: unamwingiza nani?
Swali la pili: hili ni balaa limetuangukia, au shimo tumelichimba wenyewe?

#2 Shuka14

Hakuna wa kuingiza. Uzi ufungwe.

#3 MzeeHighbury

Mleta uzi, swali lako la pili lina tarehe kabisa: 2 Februari 2025.

Siku hiyo tulimpiga City 5-1. Lewis-Skelly anafunga, Nwaneri anafunga, kila mtu anakumbatiana na asiyemjua. Kesho yake dirisha dogo la usajili likafungwa na sisi hatujasajili hata mtu mmoja. Wakati huo Saka yuko nje mwezi na zaidi, Jesus wiki tatu. Ofa yetu ya kumnunua Watkins, straika wa Villa, walishaikataa. Na nani alilalamika? Wachache. Ile tano moja ilikuwa sindano ya ganzi.

Ganzi ikaisha Jumatano. Newcastle wanatutoa kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi, 2-0 kwao, jumla 4-0, na Martinelli anatoka ameshika paja. Siku mbili tu baada ya dirisha kufungwa! Halafu tukaenda kambini Dubai kutafuta jua, tukamwacha Havertz huko. Namaanisha mguu wake.

#4 ShetaniMwekundu

Nimepita tu kusalimia majirani. Poleni sana, msiba ni wa wote 😂

#5 BintiWaNorthBank

@ShetaniMwekundu wewe wa Man United uliyetoka sare na Everton jana hiyo hiyo, uko nusu ya chini ya jedwali, umekuja kutoa rambirambi na sanda yako mwenyewe begani. Kaa hapo pembeni utulie.

@MzeeHighbury nakuheshimu lakini hapo unahukumu kwa kujua mwisho wa hadithi. Dirisha linafungwa, mzima ulikuwa na nani? Havertz, Martinelli, Trossard, Sterling, Nwaneri. Watano kwa nafasi tatu. Si wengi, lakini si janga. Janga limekuja baadaye, wawili wakaondoka ndani ya siku chache. Hakuna klabu inayosajili kwa ajili ya majeraha ambayo hayajatokea.

#6 MzeeHighbury

Binti yangu, kusajili kwa ajili ya majeraha ambayo hayajatokea ndiyo maana yenyewe ya kikosi kipana. Ukisubiri yatokee, hiyo inaitwa mazishi.

#7 Shuka14

Nakazia #6.

Halafu tusisahau dirisha kubwa la mwaka jana. Nketiah kauzwa Palace. Smith Rowe kauzwa Fulham. Nelson kwa mkopo Fulham. Vieira kwa mkopo Porto. Washambuliaji na viungo washambuliaji wanne wametoka, ameingia Sterling kwa mkopo siku ya mwisho, dirisha linataka kufungwa. Ana bao moja hadi leo, tulipocheza na Bolton kwenye Kombe la Ligi. Bolton.

#8 Hesabu_Tu

Naomba nivuruge sherehe kidogo.

Mechi 26, tumeshinda 15, sare 8, tumepoteza 3. Ya jana ndiyo ya kwanza kupoteza nyumbani kwenye ligi msimu huu. Kwa hiyo kufungwa si ugonjwa wetu. Ugonjwa ni sare.

Sasa zihesabuni hizo 8. Brighton kwetu, City kwao, Liverpool kwetu, Chelsea kwao, Fulham kwao, Everton kwetu. Hizo 6 zote zimetokea kabla Saka hajaumia. Zilizobaki 2, Brighton kwao na Villa kwetu, ndizo za baada. Maana yake pointi 12 tulizimwaga Havertz yupo, Martinelli yupo, Jesus yupo, Saka yupo. Msiniambie habari za upana wa kikosi. Kikosi kikiwa kamili bado kilikuwa hakifungi vya kutosha.

#9 BintiWaNorthBank

@Hesabu_Tu umemsahau Odegaard makusudi? Kifundo cha mguu, Septemba akiwa na Norway, amerudi Novemba. City na Liverpool hakuwepo.

#10 Hesabu_Tu

Sijamsahau. Hizo ni sare mbili. Nne zilizobaki alikuwepo.

#11 KibaoChaNne

Mbona hamjibu swali la kwanza?

#12 Nyundo

Mimi ni West Ham, naomba kuongea kabla hamjanifukuza.

Kwanza, kuna mtu kule juu kaandika msiba, mwingine mazishi. Ndugu zangu, hii kwetu ni mila. Emirates ilipofunguliwa, mgeni wa kwanza kushinda pale alikuwa nani? Sisi. Aprili 2007, bao la Zamora. Agosti 2015 tukawapiga 2-0 huku Reece Oxford ana miaka 16 anakaba katikati. Desemba 2023, 2-0 tena, Soucek na Mavropanos. Na jana. Mtuandalie mto na godoro kabisa.

Pili, na hili nalisema kwa heshima. Mnalia hamna straika. Sisi tulikuwa na nani? Antonio alipata ajali mbaya ya gari Desemba, yuko nje na mguu. Füllkrug paja, yuko nje. Waliokuwa mbele ni Bowen na Kudus, mawinga wote wawili. Kocha wetu Potter hakuja na kisingizio, alikuja na mpango: kaa nyuma, subiri, krosi moja.

#13 Shuka14

Kauli ya #12 imeniuma kuliko bao lenyewe.

#14 MzeeHighbury

Nyundo ana haki. Ila tofauti ni moja. Timu inayokaa nyuma inaweza kuishi bila straika, inahitaji nafasi moja tu. Timu inayoshika mpira karibu mechi nzima inahitaji mtu wa kumalizia, la sivyo unazunguka boksi kama mtu aliyesahau funguo ndani.

#15 Namba12

Wengi hapa wanaongelea benchi kama kabati, unafungua unachukua. Mimi nimekaa benchi misimu minne kwenye timu ya chuo, jina langu hapa ndilo namba niliyokuwa navaa. Niwaambie kitu ambacho hakionekani kwenye tv.

Unapasha misuli mara tatu kwenye kipindi kimoja. Kocha anakuita unavua koti, mpira unakuwa kona, anakwambia subiri. Unakaa. Jasho linakauka mgongoni, linakuwa baridi. Dakika ya 83 anakuingiza, na mguso wako wa kwanza unakupita chini ya soli ya kiatu unatoka nje. Uwanja mzima unaguna. Wiki inayofuata kocha anasema "unaona, huyu hajawa tayari", na hajawa tayari kwa sababu hachezi, na hachezi kwa sababu hajawa tayari.

Sterling simtetei. Lakini mtu ambaye Septemba mpaka Januari umempa dakika za kuokoteza, Februari usimgeukie umdai akuokoe. Sheria inaruhusu mabadiliko matano siku hizi. Sisi mara ngapi tumeyatumia yote matano mapema, mechi ikiwa bado ni mechi? Kwa hiyo mimi sisemi kikosi chembamba. Nasema kocha anawaamini watu 13.

#16 BintiWaNorthBank

Hii #15 nimeisoma mara mbili.

#17 Shuka14

Tusahau basi hata kadi nyekundu? Lewis-Skelly kapewa nyekundu ya moja kwa moja, tukamaliza pungufu, mechi ikafa pale. Huyo ndiye aliyeua comeback.

#18 KibaoChaNne

Sio ya moja kwa moja mkuu. Refa alitoa ya njano, VAR (marefa wa video) ikamwita aende kwenye skrini, akaibadilisha. Kamvuta Kudus katikati ya uwanja, akienda mwenyewe kwa kipa. Dakika ya 73. Na dogo aliingia kipindi cha pili, hata robo saa na ushee hajaimaliza vizuri.

Ila hapo umefungua mlango ambao sikuufikiria. Rice na Brighton, Trossard na City, Saliba na Bournemouth, dogo na Wolves, dogo tena jana. Nyekundu tano za ligi na tuko Februari.

#19 BintiWaNorthBank

Ya Wolves ilifutwa kwa rufaa, usimhesabie mtoto.

#20 KibaoChaNne

Kweli. Basi nne na nusu.

#21 Hesabu_Tu

Na angalieni zilipoangukia. Brighton tukiwa kumi, sare. City tukiwa kumi, sare dakika za majeruhi. Bournemouth tukiwa kumi, tumelala 2-0. Hizo ni pointi 7 zimekwenda. Kikosi hata kiwe na watu 40, uwanjani mkibaki 10 ni 10.

#22 MamaWaMisuli

Salamu wote. Huwa nasoma tu, leo imebidi. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, nimeshughulika na wachezaji wa timu ndogo kwa miaka mingi.

Watatu kati ya wanne wa mbele wameumia sehemu ile ile: misuli ya nyuma ya paja. Saka, Martinelli, Havertz. Hilo halinishangazi hata kidogo, na si la Arsenal peke yao. UEFA wana utafiti wa miaka mingi wa majeraha kwenye klabu kubwa. Msimu wa 2001/02 misuli hiyo ilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 ikawa asilimia 24. Mara mbili. Mpira umekuwa wa mbio fupi kali nyingi zaidi, na mechi zimeongezeka. Msimu huu Ligi ya Mabingwa imeanza na mechi 8 badala ya 6.

Msuli huu huwa unaachia wapi? Wengi wanadhani ni pale unaposukuma ardhi. Hapana, mara nyingi ni mguu ukiwa hewani mbele, karibu kutua. Pale msuli unafanya mambo mawili kwa pamoja: unavutwa uwe mrefu, na unakaza ili kuufunga breki mguu. Ukichoka, breki inachelewa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ndiyo unaona mtu anakimbia vizuri tu, ghafla anashika nyuma ya paja kama amepigwa jiwe. Kuna njia ya pili, kunyoosha mguu kupita kiasi, na Havertz inasemekana alikuwa ananyoosha mguu kuzuia shuti mazoezini.

Sasa linaloniuma. Jeraha moja linazaa lingine kwa mtu mwingine. Saka akitoka, mbio zake hazifutwi kwenye ratiba, anagawiwa Martinelli. Jesus akitoka, Havertz hapumziki. Kwa hiyo ukiniuliza ni balaa au ni kujitakia, la kwanza ni balaa. La tatu na la nne mimi siyaiti balaa. Na Saka huyo huyo aliwahi kucheza mechi 87 za Premier League mfululizo, rekodi ya klabu kwenye ligi hiyo. Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa nashika kichwa.

#23 Shuka14

Daktari, heshima. Lakini hizo 87 zilikatika Oktoba 2023. Kaumia Desemba 2024, na Ipswich. Ni mwaka mzima umepita.

#24 MamaWaMisuli

Si daktari, na si Ipswich. Ni Crystal Palace, 21 Desemba, tuliposhinda 5-1.

Hiyo ya mwaka mzima uko sahihi, siwezi kuchora mstari kutoka mechi ya 87 mpaka Palace. Nachosema ni tabia. Klabu iliyozoea kwamba mtu fulani huwa hachoki haitafuti mtu wa kumpokea.

#25 KopMpole

Liverpool hapa, nimekuja kwa amani, leo jioni tuna City na mkono wangu unatetemeka.

Sisi tulipita njia hii 2020/21, tena kwa mabeki. Van Dijk goti Oktoba kule Everton, Gomez Novemba akiwa na England, Matip Januari. Fabinho na Henderson wakawa mabeki wa kati. Kila mtu akasema mbona wanacheza vizuri tu. Walicheza vizuri kweli! Tatizo kiungo kikabaki hakina Fabinho wala Henderson. Tulikuwa hatujafungwa nyumbani Anfield mechi 68 za ligi, tukafungwa 6 mfululizo. Burnley, Brighton, City, Everton, Chelsea, Fulham. Naweza kuwataja usingizini.

Dirisha dogo lile tulisajili mabeki wawili siku ya mwisho, Kabak kwa mkopo na Ben Davies. Davies hakucheza hata mechi moja ya ushindani. Hata moja. Waliotuokoa ni Nat Phillips na Rhys Williams, ambao walikuwepo siku zote, tukamaliza wa tatu. Kwa hiyo wanaosema "tungesajili Januari" wakumbuke kusajili na kupata mchezaji ni vitu viwili.

#26 MzeeHighbury

KopMpole, mfano mzuri, lakini unatusaidia sisi. Phillips na Williams walikuwa mabeki wa kati wa kuzaliwa. Sisi straika wa kuzaliwa aliyebaki ni nani? Tulimuuza Nketiah. Tulimuuza na Biereth kwenda Sturm Graz kwa hela ya kununulia koni za mazoezi. Sasa hivi yuko Monaco tangu Januari na ameshapiga hat-trick mbili, Auxerre na Nantes. Kijana wa akademi yetu!

#27 BintiWaNorthBank

Mzee sema ukweli, mwaka jana ulikuwa unamjua Biereth?

#28 MzeeHighbury

Nilikuwa nalijua jina.

#29 BintiWaNorthBank

😂😂😂

#30 Kocha_U15

KopMpole kagusa penyewe. Nafundisha vijana chini ya miaka 15, naomba nisimulie kisa changu, kifupi.

Fainali. Karatasi ina majina 16, waliofika ni 13, wawili wanakohoa, straika wangu amevunjika kidole cha mguu akicheza pekupeku nyumbani. Nikamchukua kiungo wangu bora, mrefu, anapiga vichwa, nikamweka mbele. Dakika 20 za kwanza nilijiona profesa. Alishinda kila mpira wa juu. Tatizo akishinda, mpira unadondokea palepale ambapo yeye mwenyewe huwa anasimama, na pale hayupo mtu. Wapinzani wakawa wanauokota kama embe chini ya mti. Kipa wangu alikuwa amevaa viatu vya kaka yake, soksi mbili mbili ili vikae, akawa anapiga goli kiki zote upande mmoja maana mguu mwingine kiatu kinachomoka. Tulilala 3-1.

Merino ni kitu hicho hicho. Kule Leicester aliingia kutoka benchi akafunga mawili, tukashinda 2-0, na tukasema dawa imepatikana. Mtu huyu alimfunga Ujerumani kwa kichwa dakika ya 119 kwenye Euro, kichwa anacho. Lakini Leicester aliingia mwisho, mabeki wamechoka, kiungo kimeshafanya kazi yake. Jana ameanza tangu dakika ya kwanza, kapambana na mabeki wenye pumzi. Na zile mbio zake za kuchelewa kufika kwenye boksi, alizokuwa anazifanya kutoka kiungo? Sasa yeye ndiye aliyeko kwenye boksi. Nani anachelewa kufika?

#31 Shuka14

Goli kiki upande mmoja 😂 kocha huyo kipa yuko wapi sasa?

#32 Kocha_U15

Ni beki wa kushoto. Kiatu kimemkaa.

#33 ShetaniMwekundu

Mnaongea sana. Aston Villa walichukua ubingwa na wachezaji 11, msimu mzima.

#34 MzeeHighbury

14. Msimu wa 1980/81. Na ni kweli, kumi na nne tu. Liverpool nao 1965/66 walitumia 14.

#35 Hesabu_Tu

Na enzi hizo za Villa akiba alikuwa mmoja tu anayeruhusiwa kwa mechi, na mpira haukuwa na mbio hizi anazoeleza #22. Mfano wa karibu ni Leicester 2015/16, kikosi kidogo, kumi na moja walewale kila wiki. Ila hawakuwa na Ulaya, na vikombe vyote viwili vya ndani walitoka mapema. Wiki nzima wanapumzika. Sisi tumecheza nusu fainali ya Kombe la Ligi, Ulaya tumemaliza wa tatu kwenye hatua ya ligi na PSV wanatusubiri.

#36 Namba12

Na Liverpool ya kocha Slot? Wamemwongeza Chiesa tu kwa msimu huu, na hachezi. Kikosi chao hakijawa kipana kuliko chetu kwa namna ya kutisha. Wameongoza ligi na walewale.

#37 KopMpole

Usiniloge mechi haijaanza.

#38 Shuka14

Hapo ndipo bahati inapoingia. Salah hajaumia. Van Dijk hajaumia. City wamempoteza Rodri Septemba, tena tukicheza nao sisi, na mabingwa wameporomoka. Januari wakafungua pochi, Marmoush, Khusanov, Reis, Nico González. Wenye hela wanalia na wasio na hela wanalia.

#39 BintiWaNorthBank

Kwa hiyo pesa haikusaidia kwao, ila kwetu ingesaidia? Chagueni moja.

#40 MzeeHighbury

City walikuwa wameshachelewa.

#41 BintiWaNorthBank

Na sisi hatukuwa na hata mkurugenzi wa michezo wa kudumu, Edu ameondoka Novemba. Kiti kimekaa na mtu wa muda dirisha zima. Hilo mbona hakuna aliyeligusa? Mnamlaumu kocha, mnalaumu misuli, mnalaumu refa. Mtu wa kupiga simu alikuwa ni wa kuazima.

#42 Kocha_U15

Hiyo hoja ina uzito. Nilikuwa namtupia Arteta yote.

#43 Namba12

Sikubaliani. Mkurugenzi hayuko kwenye mstari dakika ya 60.

#44 KopMpole (Jumapili usiku)

Tumeshinda 2-0 Etihad, nyumbani kwa City. Naomba radhi kwa nitakavyokuwa wiki hii.

#45 Hesabu_Tu

Pointi ambazo Liverpool wametuzidi zilikuwa 8 asubuhi. Sasa ni 11, ingawa wana mechi moja zaidi yetu.

#46 Shuka14

Nazima simu.

#47 Nyundo

Karibuni sana. Bidhaa mliyopewa jana haina marejesho 😂

#48 KibaoChaNne (Jumatatu)

Nimesoma yote. Tumepata: dirisha, kuuza ovyo, sare, kadi, misuli, kocha asiyeamini benchi, kiti cha Edu, bahati, na viatu vya kipa. Posti arobaini na kitu na hakuna aliyejibu swali la kwanza. Jumatano tuko Forest. Dakika ya 60, umefungwa moja. Unamwingiza nani?

#49 BintiWaNorthBank

Haya, mimi nitajibu. Simwingizi mtu. Nampeleka Gabriel mbele. Anafunga kwa kichwa kuliko hao wote.

#50 KibaoChaNne

Na beki ya kati anabaki Saliba na nani?

#51 BintiWaNorthBank

Timber.

#52 KibaoChaNne

Na kulia kwa Timber?

#53 BintiWaNorthBank

White.

#54 MamaWaMisuli

White ndiyo kwanza anarudi kutoka upasuaji wa goti. Dakika 15 labda, na nitakuwa nimefumba macho.

#55 BintiWaNorthBank

Partey basi.

#56 Kocha_U15

Na pale kwa Partey?

#57 BintiWaNorthBank

Merino arudi nyuma.

#58 KibaoChaNne

Umerudi mwanzo. Mbele hakuna mtu.

#59 BintiWaNorthBank

Gabriel si yuko mbele?

#60 Shuka14

Nimewasha simu nikute hii.